Firigisi kwenye Sahani ya Uzondu

“Pale Jumapili hapafai, Shangazi. Panajaa, mtasimama kusubiri meza,” alisema Uzondu. Gari alikuwa ameshalizima, lakini mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani. “Twendeni ile hoteli mpya ya kwenye mzunguko. Ina kiyoyozi.”

“Mimi sikutoka Enugu kuja Nnewi kula kiyoyozi,” alijibu Shangazi Nwakaego. Mguu wake mmoja ulikuwa nje ya gari tayari. “Nimeuliza watu kituoni, nimemuuliza na yule mama wa karanga. Wote wananiambia supu ya nsala ni kwa Mama Kosi. Au kuna kitu pale hutaki nikione?”

“Hapana, Shangazi. Kitu gani tena?”

Akacheka. Lakini mimi kicheko cha Uzondu nakijua. Kile cha kweli kinamtoka tumboni, mabega yanatikisika, mwishoni anafuta macho kwa kiganja. Hiki kiliishia kwenye meno. Nikajikuta nimeukumbatia mkoba wangu kama niko kwenye basi lenye vibaka.

Niseme ukweli, nilikuwa nampenda mwanaume yule mpaka najionea aibu. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu soko la Ogbete, na wateja wananijua kwa ukali. Lakini Uzondu akinipigia simu nilikuwa naweza kushona mkono wa blauzi mahali pa shingo. Miezi yote ile alikuwa anakuja Enugu kila wiki, anakaa kwenye benchi la wateja, ananitazama nikikata kitambaa, hasemi kitu. Mtu akinitazama vile nasikia joto hadi nyuma ya masikio.

Aliyekuwa hataki ni baba. “Mwanaume ana duka la vipuri vya pikipiki, ana nyumba ya ghorofa, anakaribia arobaini, halafu hana mke? Huyo ama ana kasoro, ama ana mke.” Jumamosi iliyokuwa inakuja ukoo wa Uzondu ulikuwa uje kwetu kupiga hodi ya posa na kokwa za kola na tembo lao la mchikichi. Baba akasema wazi: kwanza dada yake aende Nnewi akaulize habari za huyo mtu. Akirudi na neno baya, Jumamosi mlango hautafunguliwa, na mimi nisimletee machozi.

Na dada yake mwenyewe ndiye huyo Shangazi Nwakaego. Posa za binamu zangu wawili zilifia mikononi mwake, na anazisimulia mpaka leo kwa raha zote.

Tukaingia. Palikuwa na ukumbi wa kawaida, meza za mbao zimefunikwa vitambaa vya plastiki vya maua, feni inalalamika juu, na harufu ya pilipili na majani ya uziza inakupokea mlangoni. Wala hapakuwa pamejaa. Meza zaidi ya nusu zilikuwa wazi. Shangazi alizitazama moja moja, kisha akamtazama Uzondu, halafu akakaa bila kusema neno. Kwa Shangazi kunyamaza ni kubaya kuliko matusi.

Mama Kosi akatoka jikoni anafuta mikono kwa khanga. Nilitarajia mama mnene wa makamo. Nikaona mwanamke wa rika langu, labda kanizidi miaka kidogo, shingo ndefu, macho makubwa yaliyotulia. Akamwona Uzondu, uso ukafunguka. Akatuona sisi, uso ukabaki hivyo hivyo lakini macho yakaanza kuhesabu.

“Karibuni, mama. Karibu, dada,” alisema. “Mtakula nini?”

Shangazi akaagiza nsala na viazi vikuu vya kutwanga. Mimi nikaagiza hivyo hivyo, maana akili yangu haikuwa kwenye chakula. Mama Kosi akageuka akarudi jikoni.

Shangazi akanikanyaga mguu chini ya meza. “Umeona?”

“Nini?”

“Yeye hajaulizwa.”

Ni kweli. Uzondu hakuulizwa anakula nini. Nikamtazama. Alikuwa anakunjua kitambaa cha mezani ambacho hakikuwa na mkunjo wowote.

“Unakuja sana hapa?” nikamuuliza.

“Mara moja moja.”

“Mara moja moja namna gani, mpaka wanajua unachokula?”

“Ola, mpenzi wangu, usianze. Huu ni mji mdogo. Kila mtu anamjua kila mtu.”

Aliponiita Ola moyo ulilegea kidogo, naukiri. Olaedo ni jina langu, yeye peke yake ndiye hulikata hivyo. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuona mambo. Niliona maji ya kunawa yameletwa, na bakuli likawekwa mbele yake kwanza, si mbele ya Shangazi aliyekuwa mkubwa pale mezani. Niliona amepewa taulo safi, sisi tukapewa karatasi. Niliona kiti alichokalia kina mto, na vingine havina. Ukishaanza kushuku, hata mto wa kiti unakusemesha.

Chakula kikaja. Mama Kosi alikileta mwenyewe, na wasichana wake wa kuhudumia walikuwa wamesimama tu. Shangazi akapata paja. Mimi nikapata paja. Uzondu akawekewa bakuli lake taratibu, kwa mikono miwili, na juu ya nyama, mahali ambapo hata kipofu angepaona, ilikuwa imekaa firigisi.

Kijiko cha Shangazi kilisimama hewani.

Msinicheke. Kwetu kuku ana mgao wake, na tunafundishwa tangu tunaota meno. Nimekula viboko pamoja na kaka zangu kwa mambo mengi, lakini firigisi hakuna aliyewahi kuithubutu, ilikuwa ya baba. Akisafiri, mama anaikausha mpaka arudi. Mgahawani zinauzwa, sikatai, mtu anaagiza sahani nzima na bia yake. Lakini hii haikuagizwa. Hii mwanamke aliitoa chunguni kwake mwenyewe, akampelekea mwanaume.

“Uzondu,” Shangazi alisema kwa sauti tamu sana. “Hiyo nini, mwanangu? Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri.”

“Ni nyama tu, Shangazi. Ni ukarimu wake.”

“Ukarimu! Mimi mgeni, nimetoka Enugu na miguu imenivimba, ukarimu haujanifikia hata wa bawa. Umemruka mtu mzima ukatua kwako?”

“Labda aliona...”

“Kula basi tuone.”

Hakula. Alimega tonge la kiazi, akalichovya pembeni pembeni, akamezea mchuzi mtupu, na ile firigisi akaizunguka kana kwamba ina miiba. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso. Nikasema moyoni, Olaedo, baba yako si mjinga.

“Nitazame,” nikamwambia.

Akanitazama. Macho yale yale yaliyokuwa yananikalia kwenye benchi la wateja, ambayo nilishayapangia hadi sura za watoto. Nilitaka kuyaamini mpaka kifua kiliniuma.

“Ni mwanamke wako?”

“Hapana! Haki ya Mungu, Ola, sijawahi hata kumshika mkono.”

“Sikuuliza habari za mikono.”

Kabla hajajibu, Mama Kosi alikuwa amesimama kando ya meza. “Uzo, mbona huli? Leo nimekosea chumvi?” Halafu akatugeukia kwa adabu. “Samahani, mama. Huyu hajanitambulisha. Ninyi ni wa wapi?”

Uzondu akapapasa tena kile kitambaa cha meza. “Ni... ni wageni,” akasema. “Wageni wangu kutoka Enugu.”

Wageni! Damu ilinipanda kichwani. Ningeweza kumvumilia mwanaume anayetokwa jasho, lakini mwanaume anayeniita mgeni, nikiwa na gauni la siku ya posa limetundikwa nyumbani, huyo sikumweza.

“Mimi si mgeni, dada,” nikasema, na kiti kikasukumika nyuma nikasimama. “Mimi ndiye atakayeposwa na huyu Jumamosi. Huyu ni shangazi yangu, amekuja kuuliza habari zake. Sasa na mimi nakuuliza wewe, mwanamke kwa mwanamke, bila ugomvi. Huyu ni nani wako?”

Mama Kosi hakupiga kelele. Alivuta kiti cha nne akakaa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari ya hospitali.

“Hajakwambia,” alisema. Hakuwa anauliza. “Mimi ni mke wa kaka yake. Jina lake Anayo, yule aliyefariki.”

Nilijua alikuwa na kaka aliyefariki. Alishanililia usiku mmoja kwenye simu, kaka yake aliyemlea, aliyemfungulia duka. Habari za mjane sikuwahi kuzisikia, wala za mtoto Kosi, wala za mgahawa.

“Pole, dada,” Shangazi alisema, na safari hii sauti haikuwa na sukari. “Lakini mke wa kaka si mke. Hiyo firigisi ilifikaje hapo?”

Mama Kosi akamtazama Uzondu. “Utasema wewe, au niseme mimi?”

Uzondu akatazama bakuli.

“Basi nitasema,” Mama Kosi akaendelea. “Nilipomaliza mwaka wa msiba, siku ya kuvua nguo nyeusi, wazee wa ukoo walikuja kukaa hapo barazani. Walikuwa wameshamuuliza kama atasimama mahali pa kaka yake. Akawaambia, nipeni muda. Siku ile nikachinja jogoo. Sikumsemesha, mwanamke atajisemeaje? Nikamwekea firigisi. Kama hataki, angenirudishia tu bakuli, ningeelewa, na wazee wangeelewa, tungenawa mikono tukaachana kwa heri.” Akakunja ncha ya khanga. “Aliila. Mbele yao wote. Wazee wakagongeana vikombe.”

“Uzondu!” nikasema.

“Nilikuwa nimechanganyikiwa,” akasema. “Siku ile nilikuwa namwona kaka kila mahali. Bakuli lake, kiti chake. Watu wote wananitazama. Ningemrudishiaje mjane wa kaka yangu bakuli mbele za watu, siku anayovua nguo za msiba? Ningemvunjia heshima. Na nilikuwa na njaa.”

“Njaa!” Shangazi akapiga makofi mara moja, wateja wa meza ya mbali wakageuka. “Ukoo mzima unaozeshana, yeye ana njaa!”

“Nilidhani itaisha siku ile ile.”

“Ikaisha?” nikamuuliza.

“Kila Jumapili baada ya kanisa,” Mama Kosi alijibu badala yake. “Anakuja, anakula, anauliza watoto wamesomaje, anaondoka. Na mimi kila Jumapili nasema leo ataingia ndani, leo atazungumza. Nikasema labda bado ana huzuni, tusimharakishe.” Alikuwa anasugua alama ya mchuzi kwenye kitambaa cha meza kwa kidole gumba. “Kuna mtu alikuja kunitaka, dada. Fundi wa magodoro, mtu mpole, naye kafiwa na mke. Nikamjibu kwamba mimi nina mwenyewe. Akaniomba radhi, akaenda zake. Mwezi uliopita kaoa.”

Aliyasema bila machozi, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa nimeingia pale kumtafuta mwizi wangu, na sasa sikujua nani kamwibia nani. Nilimtazama mwanaume niliyempenda, nikaona hakuwa na wanawake wawili hata kidogo. Alikuwa na woga mmoja tu, na ulikuwa unatutosha wote.

“Kwa nini uliendelea kula?” nikamuuliza. Sauti yangu iliniponyoka, ikatoka na kilio. “Uzo, kwa nini?”

“Ilikuwa rahisi kula kuliko kusema,” akajibu.

Mama Kosi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata kitu alichokuwa anakitafuta siku nyingi. Akalisogeza bakuli mbele ya Uzondu, karibu kabisa.

“Leo hakuna wazee,” akasema. “Tupo sisi tu. Kula, au usile. Lakini ufanye moja nikiwa natazama.”

Feni ililalamika juu yetu. Shangazi alishika mdomo. Mimi niliona mkono wa Uzondu umetoka mapajani, ukafika ukingoni mwa bakuli, ukasimama. Akamtazama Mama Kosi, akanitazama mimi. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na hata hapo, Mungu anisamehe, nilitamani kuyafuta. Mkono ukarudi mapajani. Hakulisukuma bakuli wala hakula. Mtu mzima, ana ndevu, ameshindwa hata hilo.

“Haya,” Mama Kosi akasema.

Akanyoosha mkono wake mwenyewe, akaichukua ile firigisi kwa vidole viwili, akaitia mdomoni.

“Wewe!” Shangazi akaruka. “Mwanamke! Mbele za watu!”

Mama Kosi alitafuna. Firigisi si nyama ya haraka, mnaijua, na yeye hakuwa na haraka. Wasichana wake wote walikuwa wameganda mlangoni mwa jikoni. Alimeza, akajifuta midomo kwa ncha ya khanga.

“Kuku nimenunua mimi,” akamwambia Shangazi kwa heshima zote. “Kuni zangu, chungu changu. Shule ya watoto nalipa mimi, paa la nyumba nimeezeka mimi baada ya Anayo kuondoka. Nilikuwa nampelekea mtu mwingine jasho langu kila Jumapili. Mwenye nyumba hii ameshakula, mama. Naomba usinisumbue.”

Shangazi alikaa. Aliweka mkono kifuani, akamtazama Mama Kosi kwa muda mrefu, halafu akasema polepole, “Ilikuwa imeiva?”

“Ilikuwa imeiva vizuri sana, mama.”

“Nilikuwa najiuliza tangu utotoni,” Shangazi akasema.

Mama Kosi alikaribia kucheka. Kisha akanigeukia. “Kama unamtaka, mchukue, mimi sitakuja kulia kwenye harusi yako. Ila kila akikwambia jambo limeisha, muulize limeisha vipi.”

Nikamgeukia Uzondu. Alikuwa analia waziwazi sasa, hajifichi. Ningeweza kumwacha pale pale. Shangazi alikuwa ameshaushika mkoba wake, na neno la kumpelekea baba alikuwa nalo kamili. Lakini kuna kitu nilikuwa lazima nikijue kwanza.

“Kama nisingekuja leo,” nikasema, “ungeila?”

Nilimwona anatafuta. Nilijua ananitafutia jibu zuri, maana hilo ndilo alilolizoea, kumpa kila mtu anachotaka mdomoni mwake. Halafu akaacha kutafuta. Mabega yakashuka.

“Ningeila,” akasema.

“Na Jumamosi ungekuja kwetu na tembo?”

“Ningekuja.”

“Umesikia mwenyewe!” Shangazi akafoka. “Mungu anakupenda, mtoto wa kaka yangu. Inuka, basi la Enugu halitusubiri.”

Nilisikia. Iliniuma kama sindano imeingia chini ya ukucha, na mimi nayajua maumivu hayo. Lakini miezi yote ile ya mpenzi na malaika wangu, hilo lilikuwa jibu lake la kwanza ambalo halikunibembeleza.

“Wazee wako wanakaa wapi saa hizi?” nikamuuliza.

“Kwa mkubwa wao. Mtaa wa pili, nyuma ya kanisa. Jumapili huwa wako pale wote.”

“Nenda.”

“Sasa hivi?”

“Sasa hivi, Uzo. Ukawaambie kwa mdomo wako ulikula kitu ambacho hukuwa unakitaka, na mjane wa kaka yako yuko huru kuanzia leo, mtu yeyote asimfungie njia.”

“Watanicheka, Ola. Wataniuliza nilikuwa nakula ya nini.”

“Waambie ulikuwa na njaa.”

Mama Kosi akaziba mdomo kwa khanga. Uzondu akasimama. Vidole vyake vilikuwa bado vina mchuzi, akavitazama, hakukumbuka kunawa. Akainamisha kichwa mbele ya Mama Kosi, akasema, “Nisamehe, mke wa kaka yangu,” na Mama Kosi alimtazama tu mpaka akaondoka. Mlangoni aligeuka. Alinitafuta kwa macho kama vile anaaga meli. Sikumpungia mkono.

Shangazi alishusha pumzi ndefu, akaubwaga mkoba wake kwenye kiti cha Uzondu kilichobaki wazi.

“Twende zetu,” akasema. “Mwanaume wa namna ile harudi. Atapita nyuma ya kanisa, apitilize mpaka Onitsha.”

“Inawezekana.”

“Sasa tunakaa kufanya nini?”

Nilikaa. Nikanawa mikono upya. Supu ilikuwa imepoa, Mama Kosi akalichukua bakuli langu bila kuulizwa, akaenda kunipashia.

“Olaedo! Nasema nawe!”

“Shangazi, toa mkoba kwenye kiti.”

“Kwa nini?”

“Mtu amekikalia hicho.”

“Na asiporudi?”

Nilitazama mlangoni. Jua la mchana lilikuwa limemwagika barazani, na hapakuwa na mtu.

“Asiporudi nitakuwa nimejua,” nikamwambia. “Toa mkoba, Shangazi.”